Ile Nusu

Siku ya kumi na nne tangu kupanda
napiga magoti shambani kwa Ithungu, chini ya Kilembe,
rula mkononi, daftari kwapani.
Mstari wa kwanza: sentimita kumi na moja.
Wa pili: tisa.
Wa tatu, ule wa karibu na mto: nne na nusu,
na hiyo nusu nimeiongeza kwa huruma.

Mahindi rika moja, mfuko mmoja wa mbegu,
duka moja la Kasese, mvua moja.
Udongo ndio si mmoja.

Mwaka ule Nyamwamba ulipovunja kingo
haukuja na maji matupu.
Ulipitia kwenye vilima vya makapi ya mgodi,
ukazoa vumbi la kijivu lililolala tangu mashine zilipozimwa,
ukaja kulitandika hapa
kama anayemtandikia mgeni mkeka.
Mgeni hajaondoka.

Naomba ruhusa, nang'oa mche.
Mzizi ulipaswa kuwa mweupe, na vinyweleo laini
kama ndevu za kwanza za mvulana.
Huu ni kipara. Umevimba, una rangi ya chai iliyolala;
umeshuka vidole viwili, ukapinda, ukarudi juu,
kama mtu aliyesukuma mlango wa nyumba yake
akasikia ugomvi ndani.

Na majani: mishipa ya kijani, katikati manjano,
mistari mitupu ya daftari la mtoto asiyejua aandike nini.
Chuma kimo humo humo udongoni, mche unakililia,
lakini shaba imekaa mlangoni, imenyoosha miguu,
hapiti mtu.

Ithungu hatazami jani. Anatazama mkono wake.
Pana bangili pale, waya alioutoa Masereka zamu ya usiku
akausokota mwenyewe,
"nyongeza ya mahari," alitania.
Masereka hayupo. Bangili ipo,
na chini yake ngozi ina duara la kijani
lisilotoka kwa sabuni wala kwa jivu.
"Shaba yangu inatoa kijani," anasema.
"Ya shambani mbona inakimeza?"

Miaka mitatu nimesomea udongo kule Mbarara.
Kila jibu nililo nalo
ni refu kuliko swali lake.

Ng'ambo ya mfereji Thembo alipanda mtama.
Umefika magotini, shina gumu, jani pana,
wapita njia wanampa hongera.
Mimi sijui kama ni ushindi.
Mmea unaostawi juu ya sumu waweza pia kuifichia siri.
Mahindi haya, kwa manjano yao,
angalau yana adabu: yanabisha hodi.

Nyuma ya jiko tumepanga makopo ya siagi.
Moja udongo wa mtoni peke yake.
Moja na samadi ya mbuzi.
Moja na samadi, na chokaa kiganja kimoja.
Kila alfajiri Ithungu huyakagua kabla ya kukoka moto,
na juzi aliniita kwa sauti ya mtu aliyeokota sarafu:
katika kopo la tatu, mzizi umeota ndevu.
Chache. Nilizihesabu kwa lenzi, kisha tena.

"Sasa tutakula, hatutakula?"
Sampuli zimekwenda Kampala kwa basi la usiku,
zimefungwa karatasi kama dawa.
Majibu wiki sita, walisema, labda nane.
Wajukuu wake wanne wanarudi shule saa saba.

Sisemi kitu. Nafunga daftari.
Ananipokonya rula, anachuchumaa mstari wa tatu,
anaisimamisha kando ya ule mche,
anafinya jicho moja kama fundi cherehani.
Bangili inagonga plastiki, tik.

"Andika nne," ananiambia.
"Ile nusu usinipe.
Nikiidanganya ardhi hii hata kidogo
itanilipa kwa wingi."